Nguo za Kwanza za Mtoto Wenu



Katika ukurasa huu mmezoea kusoma juu ya mahari, matumizi ya fedha, wakwe na malezi. Safari hii tunashika mkasi na sindano. Msishangae. Mtoto anapotarajiwa, habari ya nguo zake huonekana kuwa jambo dogo la kina mama, kumbe ndani yake yamo mambo ambayo yamegombanisha wenye nyumba wengi: fedha, mila za wazee, na maneno ambayo mume na mke hawajaambiana. Tena imo afya ya mtoto mwenyewe.

Tuchukue mfano. Bwana na bibi wanakaa Nyalenda, mjini Kisumu. Mume anaendesha boda boda, mke anauza omena. Mimba imefika miezi saba. Jioni moja mume anarudi na mfuko wa duka. Ndani mna seti ya nguo za mtoto za nailoni inayong'aa, soksi, na kofia yenye manyoya. Amezilipia kwa fedha zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya kodi ya nyumba, na sasa anangoja kushukuriwa. Mke anautazama mfuko, kisha anausukuma chini ya kitanda.

"Mama, hata hufungui?"

"Zikae tu, Baba. Siku bado."

Usiku huo kila mmoja analala amempa mwenzake mgongo. Mume anasema moyoni: mwanamke huyu hana shukrani. Mke naye anasema moyoni: mwanamume huyu amesahau. Maana miaka miwili iliyopita walikuwa na sanduku la nguo tayari, wakarudi kutoka hospitali mikono mitupu, na kabla mama hajafika nyumbani majirani walikuwa wamekwisha kuliondoa sanduku lile kwa huruma. Hadi leo hajui lilipelekwa wapi, na hajauliza.

Huo ni mfano tu, lakini watakuwako wasomaji watakaojiona ndani yake.

JE, NI MWIKO KUSHONA KABLA?

Kando ya ziwa, kama katika sehemu nyingine nyingi za nchi yetu, wako wazee wasiopenda nguo zitayarishwe kabla mtoto hajazaliwa. Kijana aliyesoma huona ni ushamba, akamjibu mama mkwe ovyo. Asifanye hivyo. Wazee hao walikua wakati ambapo kuzika mtoto mchanga lilikuwa jambo lililozifikia nyumba nyingi mno. Katazo lao lilikuwa namna ya kuulinda moyo: asiyetayarisha kitu hana cha kuficha baadaye. Ni neno la watu waliolia sana, nalo lastahili heshima.

Hata hivyo kitambaa hakina nguvu ya kumwua mtoto, wala Mkristo asiamini hivyo. Kinachoweza kumdhuru ni kukosa kitambaa. Mtoto hutoka tumboni akiwa amelowa, na kwa kuwa mwili wake ni mdogo hupoteza joto upesi sana, hata hapa Kisumu ambako joto la mchana hufika digrii 30. Ndiyo sababu kliniki humwambia mama aje na nguo na leso safi. Mtoto akizaliwa hukaushwa mara moja, akawekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akafunikwa. Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Linashauri pia avikwe nguo moja au mbili zaidi ya zile ambazo mtu mzima angevaa katika hewa ile ile, pamoja na kofia.

Angalieni pia Injili ya Luka 2:7. Maria alijifungulia safarini, mahali ambapo hapakutayarishwa kwa mzazi, lakini vitambaa vya kumvika mtoto vilikuwapo. Inaelekea alivifunga mwenyewe katika mzigo wake kabla hawajaondoka Nazareti.

Basi, kabla ya siku kufika tayarisheni vichache vya lazima: mashati manne, kofia mbili, nepi, na leso mbili safi. Vile vya sherehe, kama vazi la ubatizo, viacheni mpaka mtoto awe mikononi mwenu. Na mzee naye mpeni kazi. Mama mkwe asemapo, "Mwanangu, sisi hatukushona kabla," si lazima kubishana naye. Mjibuni kwa upole: "Ni vitambaa vya kumkaushia tu, Mama. Tunaomba utukatie nepi hizi wewe." Bibi aliyekwisha kushika mkasi ni vigumu aendelee kukataza.

Na yule mume wa Nyalenda? Kupenda kumnunulia mwanawe si kosa. Kosa ni kwamba alinunua peke yake, kwa fedha ya kodi, bila kumwuliza mwenzake kama moyo wake uko tayari. Wala hakuhitaji kutoa hotuba. Ingetosha kumwambia, "Mama, mimi pia nalikumbuka lile sanduku." Pengine mke angelia. Akiisha kulia, wangeweza kukaa wakapanga. Naye mke asiuachie mfuko chini ya kitanda useme badala yake. Mwanamume wa kwetu aghalabu hufundishwa kuficha huzuni yake, na mke akiona hamna machozi hudhani hamna huzuni.

KAZI HII NI YA NANI?

Wako wanaume wanaosema ushonaji ni kazi ya wanawake. Hao na waende ufukoni Dunga, au Usenge, au Mbita, wawaone wavuvi walioketi wakitengeneza nyavu zilizochanika, jicho kwa jicho, sindano ya nyavu mkononi. Kisha waende mjini wawatazame mafundi wa cherehani kwenye baraza za maduka. Kwa miaka mingi wengi wa mafundi hao wamekuwa wanaume. Mkono unaoziba wavu hauwezi kushindwa na shati la mtoto.

Tena mvuvi wa omena ana nafasi ambayo wengine hawana. Omena huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu taa haziwavuti samaki vizuri, na wavuvi wengi hupumzika nyumbani. Siku hizo za mbalamwezi huishia mahali pengine tunapopajua wote. Mwaka huu ziwe siku za kupima na kukata. Sehemu hiyo ya kazi, yaani kuchora na kukata karatasi na kitambaa, humfaa mume sana, kwa sababu mke mwenye mimba ya miezi minane huchoka haraka akiinama mezani. Yeye ashone akiwa ameketi vizuri, apumzike mara kwa mara, asikanyage cherehani usiku kucha.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 2, aya ya 19, twasoma kwamba Hana alimshonea mwanawe Samweli kanzu ndogo kila mwaka, akampelekea huko Shilo alipopanda pamoja na mumewe kutoa sadaka. Wenye kushona watauelewa ugumu wa kazi ile. Hana hakuwa na mtoto nyumbani wa kumpimia. Ilimpasa kukisia mwaka mzima wa kukua. Twaweza kumwona akimwuliza Elkana: unadhani sasa amefika hapa, au hapa? Ninyi nanyi mnamkisia mtoto ambaye hamjamwona bado.

KITAMBAA GANI?

Wazee wa Kisumu wanakikumbuka kiwanda cha KICOMI, kilichotengeneza vitambaa vya pamba mjini humu mpaka kilipoanguka katika miaka ya 1990, wakati biashara huria ilipofungulia nguo za nje na mitumba. Watu wengi walipoteza kazi, na hilo si jambo la kufurahia. Lakini kwa mshonaji wa nguo za mtoto mitumba ina faida yake. Katika soko la Kibuye, ambalo kwa miaka mingi limejulikana kwa mitumba, tafuteni shuka la pamba lililochakaa kidogo. (Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa liko Kibuye hapo hapo. Tunaomba Misa itangulie.) Shuka kuukuu ni bora kuliko kitambaa kipya cha bei: limekwisha kufuliwa mara nyingi, ni laini, halisinyai tena, na rangi iliyokuwa ya kutoka imekwisha kutoka. Tisheti kubwa ya pamba, ya mwanamume, nayo hutoa kofia kadhaa.

Muuzaji akisema ni pamba, hakikisheni wenyewe. Chomoeni uzi mmoja pindoni, mkauchome kwa kiberiti mbali na kitambaa. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Nguo ya namna hiyo hainyonyi jasho, na kwa joto la ziwa mtoto atapata harara shingoni na kwapani. Ndiyo kasoro ya ile seti ya kung'aa.

Mitumba yote ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukatwa. Kitambaa kipya nacho kilowekwe usiku kucha, kifuliwe ili wanga utoke na kisinyae sasa kuliko kusinyaa kikiwa shati. Leso na kitenge vijaribiwe kwa kusugua na kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikishika, msivikate vya kugusa ngozi ya mtoto mpaka viishe kutoa rangi.

PATENI YA SHATI

Pateni ni karatasi ya kukatia. Hatununui. Tunaichora nyumbani kwenye karatasi ya kaki, ile ya kufunikia vitabu vya shule. Gazeti litafaa kama hamna kitu kingine, ila wino wake huchafua kitambaa cheupe.

Tumechagua shati la kupishana kifuani, ambalo haliingizwi kichwani. Kichwa cha mtoto mchanga kina mzingo wa kama sentimita 35, na shingo yake haijakaza. Mama wa mtoto wa kwanza huogopa kumvuta nguo kichwani, naye ana haki. Shati hili hutandazwa wazi kitandani, mtoto akalazwa juu yake, likafungwa. Likiachwa wazi mbele, mtoto aweza kukaa kifuani mwa mama bila kuvuliwa.

Kwanza mgongo. Kunjeni karatasi mara mbili. Mkunjo ndio katikati ya mgongo. Kwa juu, kutoka kwenye mkunjo pimeni sentimita 24 kwenda kando: hapo ndipo mwisho wa mkono. Kisha fuateni mkunjo kushuka sentimita 30: huo ndio urefu wa shati. Kwa shingo, pimeni kutoka kwenye mkunjo sentimita 5 kwenda kando na 1.5 kushuka, mkaunganishe alama hizo kwa mviringo mdogo. Pale penye mwisho wa mkono shukeni sentimita 10. Kutoka hapo rudini ndani kwa mstari mnyoofu hadi mahali palipo sentimita 12.5 kutoka kwenye mkunjo. Hapo ni kwapani. Toka kwapani shukeni wima hadi chini. Pembe ya kwapa iviringisheni kidogo, maana pembe kali huchanika. Kateni, fungueni karatasi, na mtaona umbo kama herufi T nene.

Sasa mbele. Lazeni umbo hilo zima juu ya karatasi nyingine mkalichore. Anzieni pale shingo inapokutana na bega la kushoto, mchore mstari wa mshazari unaokatiza kifuani hadi ubavu wa kulia, sentimita 7 chini ya kwapa. Vyote vilivyo juu ya mstari huo, pamoja na mkono wa kulia, viondoeni. Kilichobaki ni kipande cha mbele chenye mkono mmoja. Katika kitambaa kitakatwa mara mbili, mara ya pili karatasi ikiwa imegeuzwa, ili kimoja kipite juu ya mwenzake.

Pateni hii haina nafasi ya mshono. Mnapokata kitambaa ongezeni sentimita 1 mabegani, ubavuni na chini ya mikono, na sentimita 2 kwenye pindo la chini na mwisho wa mikono. Kando ya shingo na ule mshazari msiongeze kitu. Hapo patafungwa kwa utepe wa kitambaa hicho hicho, wenye upana wa sentimita 3. Utepe huo ukatwe kimshazari, kwa kuwa uliokatwa hivyo huvutika na kuufuata mviringo bila kukunjamana.

Shoneni mabega kwanza, halafu utepe, halafu chini ya mkono na ubavu kwa mshono mmoja mrefu, mwisho mapindo. Kwapani kateni vijipasuo viwili vitatu kwenye nafasi ya mshono bila kuugusa uzi, la sivyo nguo itajivuta. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, akirudi nyuma nusu hatua kila achomapo sindano. Mshono huo huvumilia kufuliwa. Kwa kufungia, tengenezeni kamba nne za kitambaa, kila moja sentimita 18. Mbili zifungane ndani ubavuni, mbili nje ubavu wa pili. Kamba isiwekwe shingoni hata siku moja, yaweza kumkaba mtoto usingizini. Vifungo navyo viacheni mpaka awe mkubwa, kwa sababu kifungo kilicholegea huishia mdomoni.

Kitambaa chenye upana wa sentimita 115 na urefu wa sentimita 70 hutoa shati moja na kofia. Kofia ya tisheti ni vipande viwili, kila kimoja upana wa sentimita 18 na kimo cha sentimita 16, juu pakiwa mviringo kama nusu ya yai. Shoneni ukingo wa mviringo, kunjeni chini, basi. Isiwe na kamba za kidevuni. Mtoto wa kawaida avuliwe kofia hiyo anapolala ndani mchana wa joto. Mkitaka kujua kama anaona joto au baridi, mguseni kisogoni au kifuani. Mikono na miguu hudanganya.

Mbona mashati manne tu? Kwa sababu mtoto mwenye afya huwa na uzito maradufu wa ule wa kuzaliwa anapofika kama miezi mitano. Mashati kumi na mawili ya kipimo hiki yatalala sandukuni. Nepi ndizo ziwe nyingi, kama 24, za mraba wa sentimita 60, kwani wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei mvua ya alasiri itawakuta zikiwa kambani. Zikunjwe na kufungwa chini ya kitovu, ili kitovu kipate hewa na kubaki kikavu.

HATARI AMBAZO HAZIONEKANI

Hapa tunaomba msome polepole, na kama mume ndiye anayesoma, amsomee mkewe.

Watu wengi wakiisha kushona au kupewa nguo za mtoto huzihifadhi pamoja na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuzia nondo na mende, yaani nafthalini. Msifanye hivyo. Katika nchi zenye malaria nyingi, na kando ya ziwa letu ni mojawapo, wapo watoto wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD katika damu. Kwa kawaida mtoto huyo hana ugonjwa wowote unaoonekana. Lakini akivikwa nguo zilizokaa na nafthalini, sumu hupita katika ngozi na pumzi, chembe za damu yake zikavunjika, akawa na rangi ya manjano machoni na mwilini. Manjano ikizidi huingia katika ubongo. Mtoto aweza kuwa kiziwi, aweza kulemaa, aweza kufa. Kuanika nguo kwa muda mfupi hakutoshi kuondoa hatari hiyo. Wekeni nguo zake katika mfuko safi uliofungwa, bila kidonge chochote. Mtoto akionekana wa manjano hasa siku ya kwanza, au akikataa kunyonya, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri jua la asubuhi.

Hatari ya pili ni uzi. Kateni nyuzi zote zinazoning'inia ndani ya soksi na vifuko vya mikono. Uzi mmoja wajizungusha kidoleni, kidole kinavimba, na mama hajui kwa nini mtoto analia usiku kucha. Mtoto asiyenyamaza na avuliwe kila kitu, atazamwe vidole kimoja kimoja.

Tena yupo nzi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nyasini au kivulini. Buu lake huingia chini ya ngozi na kufanya jipu. Anikeni kambani penye jua, na mpige pasi ya moto pande zote, hasa nepi.

MTOTO AKIZALIWA MDOGO, AU ASIPOISHI

Mtoto akiwa chini ya kilo 2.5, shati hili litakuwa kubwa kidogo, si neno. Mgeuzieni mishono nje ili isikwaruze ngozi. Lakini joto lake kubwa atalipata kifuani mwa mama, akiwa na nepi na kofia tu, amefungwa wima, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Njia hii ilianzishwa Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipopungukiwa mashine za kuwatunzia watoto, na sasa hutumika duniani kote. Baba naye ana kifua. Mama anapokwenda kuoga au kula, baba amfunge mtoto kifuani pake kwa leso ile ile, wala asione haya mbele ya wauguzi.

Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, msingoje padre kama hayuko karibu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1256, yafundisha kwamba wakati wa lazima mtu yeyote, hata asiyebatizwa, aweza kubatiza, mradi anakusudia lifanywalo na Kanisa, akimmiminia maji na kusema kwamba anambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mume na mke waongee jambo hili mapema, na jina la mtoto walichague mapema.

Na akifa kabla ya ubatizo, Kanisa lamkabidhi kwa huruma ya Mungu aliyewapenda watoto, kama isemavyo namba 1261. Askofu aweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya Kanisa ikiwa wazazi walikusudia kumbatiza. Wako Wakristo wanaodhani mtoto huyo ni wa kufukiwa kimya kimya na wanawake wawili nyuma ya nyumba. Mwulizeni paroko wenu.

Nguo je? Tunawasihi majirani na ndugu wa mume: msiziondoe kabla mama hajarudi. Mnakusudia mema, lakini mnamnyang'anya kitu cha mwisho alichomshonea mwanawe. Mwacheni yeye na mumewe waamue. Wengine watapenda mtoto azikwe katika shati alilokatiwa na baba yake. Wengine watazihifadhi. Wengine, baada ya miezi mingi, watazipeleka kwenye wodi ya watoto njiti, ambako kofia ndogo hazijapata kuzidi. Hakuna jibu moja, wala hakuna haraka.

VAZI LA UBATIZO

Sasa mtoto amefika, ananyonya, amenona. Ibada ya ubatizo yatamani wazazi wenyewe walete lile vazi jeupe. Wengi hukodi au kununua gauni la lasi na poliesta, refu mpaka magotini pa mama wa ubatizo, na mtoto analia Misa nzima kwa sababu ya joto. Tumieni pateni ile ile. Ongezeni sentimita 4 kwa upana kila upande wa ubavu, kwa kuwa sasa amekua, na refusheni hadi sentimita 60. Kitambaa kizuri ni popilini ya pamba, au shati jeupe la baba ambalo kola imechakaa lakini mgongo bado mzima. Pindo la chini liacheni pana, sentimita 6, lishonwe kwa mkono kwa hatua ndefu. Mtoto wa pili akija, au mkimwazima ndugu mwenye mtoto mkubwa zaidi, pindo hufumuliwa jioni moja na kushushwa.

Kwa mazungumzo nyumbani au katika Jumuiya Ndogo Ndogo: Katika nyumba yenu, nani aliamua nguo za mtoto wa kwanza zitoke wapi, na mwingine aliulizwa? Je, kuna sanduku au mfuko ambao hamjazungumza habari zake? Wanajumuiya wanaweza kununua mkasi mmoja mzuri na kuchora pateni moja ya kuzungushwa kwa kila nyumba inayotarajia mtoto, nani ataitunza?